Toleo lililokamilika au linalojaribiwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu machaguo ya kusasisha programu

Kwa miaka kadhaa nimetengeneza programu za mauzo na stoo, na kila programu ilinifikisha mahali pamoja pagumu: ule ukurasa wa mipangilio unaomuuliza mtumiaji anataka matoleo ya aina gani. Wengi huuandika siku ya mwisho, wakiwa wamechoka. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wasanidi wenzangu. Mifano mingi nimeichukua Ubuntu na Debian (mifumo endeshi ya kompyuta), Firefox (kivinjari cha intaneti) na kwingine ambako maamuzi yako wazi na yeyote anaweza kuyakagua.

"Toleo thabiti" na "toleo la awali" maana yake nini hasa?

Toleo thabiti ni lile ambalo watengenezaji wako tayari kulibeba: likiharibu kazi ya mtu, lawama ni yao na watalirekebisha. Toleo la awali hutolewa kabla halijakamilika ili wachache walipime. Nalo lina ngazi zake: alfa, beta, kisha mgombea wa toleo, ambaye huandikwa rc na anasubiri ukaguzi wa mwisho tu.

Thabiti haimaanishi kwamba halina hitilafu. Kwa watu wa Debian, neno hilo lina maana ya kutobadilika. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023, Debian 13 ikafuata tarehe 9 Agosti 2025. Katika miaka hiyo miwili na ushei, aliyekaa kwenye 12 alipokea viraka vya usalama na marekebisho ya makosa makubwa, lakini programu zake nyingi hazikubadilika sura. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hicho ndicho anachokitaka: akifungua kompyuta kesho, kitufe akikute pale alipokiacha jana.

Niweke machaguo mangapi?

Machache kadiri unavyoweza kuyatimiza. Kila chaguo ni ahadi ya kazi: ukiweka mikondo minne (mkondo ni njia moja ya kupokea matoleo), utapima mara nne na utajibu malalamiko ya aina nne.

Ubuntu ni mfano mzuri wa kusoma. Katika faili la /etc/update-manager/release-upgrades kuna mstari mmoja unaoamua mambo, na unakubali maneno matatu tu. Prompt=never: usiniambie kamwe kuhusu toleo jipya. Prompt=normal: niambie kila toleo linalofuata. Prompt=lts: niambie yale ya muda mrefu tu, yanayotoka kila baada ya miaka 2 na kutunzwa kwa miaka 5. Kwenye dirisha la mipangilio, mstari huohuo huonekana kama orodha fupi ya kuchagua, na mtu asiyejua faili ni nini anaielewa.

Kinachonivutia zaidi ni walivyoshughulikia mgongano. Tuseme mtu amechagua lts, lakini toleo alilonalo si la lts. Ni la katikati, la kutunzwa miezi 9. Ukifuata neno kwa neno, atakwama mpaka lts ijayo huku toleo lake limeshaachwa bila viraka. Programu yao inalichukua chaguo lake kana kwamba alisema normal, na uamuzi huo wameueleza ndani ya faili lenyewe. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Orodhesha kila mseto wa machaguo, hata ule unaoonekana hauna maana, kisha amua utafanyaje. Usipoamua wewe, msimbo utaamua kwa bahati nasibu.

Kwa nini kisanduku kimoja cha "nipe matoleo ya majaribio" hakitoshi?

Kwa sababu hakisemi kitafika mwisho lini. Anayekiweka alama anaweza kuwa na nia moja kati ya mbili. Wa kwanza anataka toleo hili moja tu, labda kwa kuwa lina kipengele anachokihitaji. Likikamilika, anataka arudi kuwa mtu wa kawaida. Wa pili anapenda kujaribu na atajaribu kila kitakachokuja. Kisanduku kimoja humchukua wa kwanza na kumfanya wa pili bila kumuuliza. Miezi sita baadaye 2.0 imeshatoka, na yeye anajikuta ndani ya alfa ya 3.0.

Amri ya Ubuntu ya do-release-upgrade imelitenga jambo hili kwa njia sahili. Kuhamia toleo linalotengenezwa ni kuongeza -d siku hiyo tu. Mpangilio wako wa kudumu haubadiliki. Lakini hapohapo kuna kasoro ambayo ni vizuri tuiepuke. Toleo la lts likishatoka, wenye lts iliyopita hawafunguliwi mlango mpaka litoke toleo la .1, miezi kadhaa mbele. Asiyetaka kusubiri hulazimika kutumia -d ileile. Alama moja ikabeba maana mbili: "nipe kisichokamilika" na "nipe kilichokamilika ambacho hamjanifungulia". Anayetafuta la pili anaogopeshwa kwa tahadhari ya la kwanza, na akizoea kuipuuza hapo, ataipuuza pia siku inayostahili kuogopwa.

Kwangu mimi maswali ni matatu na kila moja lina mahali pake: uko mkondo gani, utakaa humo hadi lini, na nani atabonyeza kitufe, wewe au kompyuta.

Programu itajuaje kwamba 2.0-beta ni ya zamani kuliko 2.0?

Haijui mpaka uifundishe, na wengi hujikwaa hapa. Ukilinganisha majina ya matoleo kama maandishi ya kawaida, "2.0-beta" ni refu kuliko "2.0", kwa hiyo huonekana kubwa. Matokeo yake, mwenye beta haletewi toleo kamili. Kompyuta inaamini ameshalipita. Vilevile "beta.11" hutangulia "beta.2", maana 1 iko kabla ya 2.

Kuna kanuni zilizokwisha kuandikwa, chagua moja uifuate mpaka mwisho. Ile iitwayo Semantic Versioning inapanga hivi: 1.0.0-alpha, 1.0.0-beta.2, 1.0.0-beta.11, 1.0.0-rc.1, halafu 1.0.0. Namba hulinganishwa kama namba, na chenye kiambatisho cha awali huwa chini ya kisicho nacho. Ulimwengu wa Python, lugha ya kuandikia programu, huandika 2.0b1, 2.0rc1, 2.0. Debian hutumia alama ya wimbi: 2.0~beta1 iko chini ya 2.0, kwa sababu wimbi hupangwa kabla ya kila kitu, hata kabla ya mwisho wa neno.

Usibuni mpangilio wako. Tena usitoe beta yenye jina la kujipachika kama "2.0-mpya" ukidhani utalirekebisha baadaye. Likishaingia kwenye kompyuta za watu, jina hilo ndilo litakalolinganishwa na kila utakachotoa.

Aliye kwenye majaribio apelekewe pia matoleo thabiti?

Ndiyo, bila shaka yoyote. Kanuni yangu ni kwamba anayejaribu asiachwe nyuma ya asiyejaribu. Fikiria 2.0-beta5 imetoka Machi. Aprili ukatoa 2.0, Mei ukatoa 2.0.1 yenye kiraka cha usalama, na beta ya 2.1 haijaanza. Kama mkondo wa majaribio unasoma orodha yake peke yake, watu waliojitolea kukusaidia wamekaa miezi miwili kwenye toleo bovu lenye tundu. Waliokaa pembeni wamepona.

Suluhisho ni kuitazama mikondo kama vyombo vilivyo ndani ya vingine. Mkondo wa majaribio una kila kilichomo kwenye mkondo thabiti, pamoja na nyongeza. Programu inachukua kilicho kikubwa zaidi kati ya vyote. Ni mistari michache ya msimbo, ila andika na jaribio la kuilinda, kwa sababu kosa hili halipigi kelele. Hakuna kinachovunjika, watu wanabaki nyuma kimyakimya.

Mtu akitaka kurudi kwenye toleo thabiti?

Ukisoma jibu moja tu hapa, soma hili.

Kwenda mbele ni rahisi kwa sababu umeandika msimbo wa kubadilisha data ya zamani iwe mpya. Wa kuigeuza data mpya iwe ya zamani karibu hakuna anayeuandika. Kwa hiyo anayerudi anaifungua programu ya jana juu ya data ya leo.

Niliyaona haya kwenye programu tuliyoitengeneza kwa ajili ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Kwenye mipangilio tuliweka kisanduku chenye maneno "Nipatie matoleo mapya mapema". Mama mwenye duka akakiweka alama. Beta ikaja, ikabadili mpangilio wa jedwali la stoo, ikawa inakwama kwenye kuchapa risiti. Kijana wa dukani akafanya kinachoonekana cha busara: akaiondoa, akasakinisha toleo la zamani. Stoo ikafunguka na nusu ya bidhaa hazionekani. Tulikaa siku mbili tukiingiza risiti kwa mkono, kitabu hiki na kile. Mama yule hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi niliona neno 'mapya' nikajua ndiyo mazuri." Tangu siku hiyo sifungui mlango wa kuingia kabla sijajenga wa kutokea.

Wakubwa wameutatua mkwamo huu kwa njia mbalimbali. Chrome Canary hukaa kando ya Chrome ya kawaida, ina aikoni yake ya njano na folda yake. Ukichoka unaifuta, na ile ya kazini haijaguswa. Kwa programu inayobeba mali ya watu, hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Firefox, kuanzia toleo la 67 la Mei 2019, ukiifungua kwa wasifu (folda ya mipangilio na data zako) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, inakuzuia na kukupa nafasi ya kuanza wasifu mwingine. Haikurudishi, lakini haikuachi uharibu. Debian husema wazi kwamba kushusha toleo la mfumo hakuungwi mkono, na kusema wazi ni heshima. Kwenye Google Play namba ya ndani ya toleo lazima ipande daima. Ukitaka watu warudi kwenye msimbo wa zamani, unauchapisha upya kwa namba kubwa zaidi.

Kwa mtengenezaji mdogo, haya manne yanatosha. Kabla beta haijagusa data, itengeneze nakala rudufu yenyewe na imwonyeshe mtu iko wapi. Toleo la zamani likikuta data mpya, likatae kufungua na lieleze sababu kwa lugha ya kawaida. Anayebonyeza "acha majaribio" aulizwe: utasubiri toleo lililokamilika likufikie ulipo, au urudi sasa kwa nakala ya tarehe fulani na upoteze yaliyoingizwa baada ya hapo? Na tarehe hiyo iandikwe kabisa. "Nakala ya Jumanne, saa 3 asubuhi" inaeleweka. "Nakala ya mwisho" haimwambii mtu chochote.

Chaguo-msingi liwe lipi?

Thabiti. Anayetaka kujaribu atatafuta, asiyetaka asikutane na majaribio kwa bahati mbaya. Kipakizi cha Python, pip, huyaruka matoleo ya awali mpaka uandike --pre, isipokuwa pale ambapo hakuna kingine kinachofaa. Kwa npm, chombo kama hicho cha lugha ya JavaScript, mtego ulikuwa upande wa mchapishaji: aliyesahau kuipa beta yake lebo tofauti, ilipachikwa lebo ya latest, na kila aliyesakinisha siku hiyo akaipokea. Kwa hiyo linda pande zote mbili, anayepokea na anayetoa.

Na aliyepakua beta kwa mkono wake mwenyewe kutoka tovutini? Mimi humweka kwenye mkondo wa majaribio mpaka toleo hilo likamilike, halafu namuuliza mara moja kama anaendelea. Asipojibu, abaki kwenye thabiti.

Toleo likishakuwa thabiti, nilipeleke kwa wote siku hiyohiyo?

Hapana. Siku ya kwanza ya toleo thabiti bado ni siku ya majaribio, tofauti ni kwamba waliomo hawajui. Ubuntu 24.04 ilitoka 25 Aprili 2024, na wenye 22.04 walisubiri 24.04.1, iliyotoka 29 Agosti. Mlango ulipofunguliwa tu, ikaonekana hitilafu kwenye programu yenyewe ya kupandisha toleo, na mwaliko ukasitishwa kwa muda. Waliosimamisha walifanya vizuri, na waliweza kwa sababu mwaliko unatoka kwenye seva yao na haukuchongwa ndani ya kila kompyuta. Jenga swichi hiyo mapema.

Kwa simu, Apple humpa msanidi njia ya kutoa sasisho kwa siku 7: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, kisha 100. Google Play hukuachia uchague asilimia mwenyewe. Ila kumbuka, kusimamisha hakuwanyang'anyi waliokwisha kupata.

Je, kila kinachosasishwa kiwe chini ya chaguo la mtumiaji?

Tarehe 19 Julai 2024 ilijibu swali hili. Wateja wa CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliweza kuchagua kukaa toleo moja au mawili nyuma ya lile la karibuni, na wengi walifanya hivyo kwa tahadhari. Lakini chaguo lile liliitawala programu yenyewe tu. Mafaili ya utambuzi wa hatari yalipita njia nyingine, yakienda kwa wote pamoja. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki faili moja bovu lilitumwa. Saa 2:27 likarekebishwa, lakini Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaguswa na kukwama. Baadaye kampuni iliwapa wateja uwezo wa kuchagua hata kwa mafaili hayo.

Mtumiaji akisoma "nataka kukaa nyuma kidogo", anaelewa kwamba kila kitu kitakaa nyuma. Kama programu yako ina orodha za bei, violezo vya risiti au kanuni za kodi zinazoshuka kutoka seva kwa njia yake pekee, ama ziweke chini ya chaguo lilelile, ama useme palepale kwenye skrini kwamba hizi haziguswi na chaguo hili, na kwa nini.

Vipi kuhusu bando?

Anayenunua intaneti kwa MB hawezi kupakua beta ya MB 300 kila wiki, na ukimlazimisha atazima masasisho yote, pamoja na ya usalama. Onyesha ukubwa kabla ya kupakua. Weka "pakua kwa Wi-Fi pekee". Tuma tofauti kati ya toleo na toleo pale inapowezekana, badala ya kifurushi kizima. Na viraka vidogo vya usalama visifungwe pamoja na vitu vikubwa vipya: asiye na MB za kutosha apate kile cha lazima.

Maneno gani niyaandike kwenye skrini kwa Kiswahili?

Hapa nimebadili mawazo mara nyingi. "Toleo la majaribio" ndilo jina la kwanza linalomjia kila mtu, lakini watumiaji wengi wamelizoea kwa maana nyingine: ile programu ya bure ya siku 30, baadaye ulipe. Nimepigiwa simu na mtu akiuliza atatozwa lini. Sasa naandika "Toleo ambalo bado linajaribiwa". Ni refu, lakini halina pesa ndani yake.

"Thabiti" na "imara" ni maneno mazuri, ila dukani na ofisini naona "lililokamilika" ndilo linaloeleweka kwa haraka. Nakwepa kabisa "jipya zaidi", kwa sababu linasifu bila kuonya. Chini ya kila chaguo naweka sentensi moja inayosema kitakachompata mtu: "Huenda programu ikakwama au baadhi ya kurasa zisifunguke. Usitumie kwenye kompyuta ya mauzo." Nikimwonyesha mtu sentensi hiyo, anaweza kuamua mwenyewe bila mimi kuwapo.

Ofisi yenye kompyuta nyingi ifanyeje?

Aamue msimamizi, na chaguo lionekane kwa mfanyakazi likiwa limefungwa, na maelezo kwamba limefungwa na ofisi. Kulificha huzaa simu zisizo za lazima.

Tahadhari moja kwa wanaotumia Debian kwenye seva: ukiandika neno stable kwenye orodha ya vyanzo, siku toleo jipya linapotoka seva zako zinaanza kulivuta. Ukiandika jina la toleo, mfano bookworm (jina la Debian 12), zinabaki hapo mpaka wewe uamue. Hilo nalo ni chaguo la mkondo, ingawa halina kitufe.

Waliojitolea kujaribu wanahitaji nini kutoka kwangu?

Kusikilizwa. Windows 10 toleo la 1809 lilitoka 2 Oktoba 2018 na likasimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watu. Lilirudi 13 Novemba. Taarifa za kupotea kwa mafaili zilikuwa zimeshatumwa na wajaribu kabla ya kutolewa, zikazama ndani ya maelfu ya nyingine. Microsoft ikaongeza sehemu ya kutaja uzito wa tatizo.

Fomu yako ya maoni iwe na swali hilo tangu siku ya kwanza: je, umepoteza data? Jibu likiwa ndiyo, taarifa hiyo imfikie mtu mwenye jina, kwenye simu yake, siku hiyohiyo, na mtu huyo awe na ruhusa ya kuzima utoaji bila kuomba kwa yeyote.